Kipya Kinyemi

Katika kila kundi la wapiga picha Dar es Salaam, kuanzia vijana wanaosubiri wahitimu nje ya Mlimani City siku za mahafali mpaka wakongwe wenye studio Magomeni, utaisikia kauli moja: kamera usinunue iliyotumika, utajuta. Husemwa kwa sauti ya mtu anayekutakia mema, sauti ileile ya shangazi anayekukataza kutoka nje na nywele zilizolowa. Hakuna anayemwuliza msemaji ushahidi. Kijana aliyeshauriwa huondoka pale na swali moja tu kichwani: nikope wapi ili nipate cha boksi.

Nimepiga picha za harusi kwa miaka 14. Kamera niliyonunua mpya ni moja tu, na ndiyo iliyonitia hasara kuliko zote. Kisa chake kinakuja. Kwanza niweke wazi ninachobishia. Kwamba wako watu waliolizwa na vifaa vilivyotumika, ni kweli, na mimi ni mmoja wao. Ninachokikataa ni imani iliyojificha chini ya kauli ile: kwamba upya wa kitu ni cheti cha uzima wake, na kushikwa na mwingine ni cheti cha ugonjwa. Wahenga walishaicheka imani hiyo waliposema kipya kinyemi ingawa kidonda.

Mtazame huyo anayenikanya. Amekuja kunikanya akiendesha Toyota IST. Toleo lile la kwanza, ambalo ndilo limejaa Dar, Toyota walianza kulitengeneza mwaka 2002 wakaliacha 2007, yaani lililo changa kuliko yote sasa linakaribia miaka 20. Alilinunua Japani bila kuligusa, kwa kutazama picha na karatasi ya mnada. Aliuliza kilomita. Zilipoonekana chache kupita kiasi alishtuka, akauliza kama hazijarudishwa nyuma. Lilipofika bandarini akamtanguliza fundi wake alale chini ya injini. Leo ukimwambia gari lake ni takataka kwa kuwa Mjapani alilitumia kwanza, atakuona hamnazo. Wakenya wamefika mbali zaidi: wameweka kanuni kwamba gari lililozidi miaka 8 halisajiliwi kuingia nchini, wakakubali kwamba lililo ndani ya miaka hiyo linafaa likikaguliwa. Afrika Mashariki nzima imejifunza kununua gari la mtu mwingine kwa akili. Ikifika kamera, akili ile huachwa kwenye maegesho.

Kamera nayo ina kilomita zake. Kila unapobonyeza, pazia dogo liitwalo shata hufunguka na kufunga mbele ya sensa inayonasa picha, na kamera huhesabu. Nikon huiandika hesabu hiyo ndani ya kila faili la picha. Piga picha moja, ihamishe kwenye kompyuta, utaisoma. Canon nyingi zinahitaji waya na programu ndogo, kazi ya dakika 5. Watengenezaji nao husema walipima shata iende mpaka wapi: Canon 6D mara 100,000; 5D Mark II na Mark III mara 150,000; Nikon D850 mara 200,000; Nikon D4 mara 400,000. Harusi moja ya kwetu, ukijumlisha saluni, ibada, bustani na ukumbi mpaka keki, mimi hunichukua picha kama 1,500. Bodi (kamera bila lenzi) ya 150,000 iliyokwisha kupiga 40,000 imebakiwa na 110,000. Hizo ni harusi 73, bila kugusa sendofu wala kitchen party. Na ikifika kikomo hailipuki. Kuna zinazozidi sana, na shata ni kifaa, fundi anakifungua na kukibadilisha.

Nani mwingine sokoni anauza kitu chenye maisha yake yaliyobaki yameandikwa kwa tarakimu? Muuza friji hana namba hiyo. Mwenye kamera anayo, halafu tunaambiwa hapa ndipo pa kuogopa.

Nije kwenye neno "rifabishi", maana limechafuliwa. Kwa asili ni kamera ambayo mteja aliinunua, akafungua boksi, akabadili mawazo akairudisha, au iliyokaa kwenye maonyesho, au iliyokuja na hitilafu ndogo. Haiwezi kuuzwa tena kama mpya, kwa hiyo hupelekwa kwa mafundi, hukaguliwa, hurekebishwa panapohitaji, kisha huuzwa kwa bei ya chini. Nchini Marekani Canon wenyewe huziuza kamera za namna hiyo na kuzipa dhamana ya mwaka 1, sawa na wanayoipa mpya. Rifabishi ya pili ni ya vichochoroni: raba ya mshiko imebandikwa upya, mikwaruzo imepakwa wino mweusi, boksi limechapishwa juzi, na neno hilo limeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya bei. Hiyo ya pili ni kamera iliyotumika na ikapakwa poda. Inunue kwa bei ya iliyotumika au iache.

Lakini ukae uitafakari ile ya kwanza. Fundi aliishika kamera ileile moja, si mwenzake wa kundi moja. Alipiga nayo picha, aliipima, aliandika jina lake mahali. Kamera mpya uliyoitoa kwenye plastiki ilipita kwenye mstari wa kiwanda pamoja na maelfu ya wenzake, na mtu wa kwanza kuitumia siku nzima kwenye kazi ya kweli ni wewe. Ukaguzi wa kwanza wa maana unaufanya mbele ya bibi harusi.

Mnadhani natia chumvi? Septemba 2012 Nikon walitoa D600. Bodi yenye sensa kubwa, bei nafuu kuliko dada zake, watu wakaipapatikia. Haukupita muda, picha zikaanza kuonekana na madoa kwenye kona, hasa ukibana tundu la mwanga: chembe na mafuta yaliyorukia kwenye sensa. Februari 2013 kampuni ikatoa tangazo la huduma. Oktoba mwaka huohuo ikaleta D610, yenye shata mpya. Februari 2014 ikatangaza kwamba itakagua, itasafisha na kubadilisha shata za D600 bure, hata kwa ambao dhamana zao zilikwisha. Sasa niambie nani alikula hasara hiyo. Ni yule aliyejipanga foleni kununua cha boksi. Aliyekuja kuinunua miaka miwili baadaye, iliyokwisha kubadilishwa shata, alipata kamera nzima kwa bei ya kutupa, kwa sababu jina lake lilikuwa limeharibika.

D750 ilifuata mwaka 2014, nayo ikaja na yake. Januari 2015 ukatolewa ushauri kuhusu mwanga unaokatika vibaya juu ya picha; Julai ukaja wa pili, kuhusu shata, na huo ukaongezwa tena 2016 na 2017. Leo anayenunua D750 iliyotumika anaigeuza juu chini na kutazama ndani ya tundu la stendi: kuna kitone cheusi kinachoonyesha kwamba ile hitilafu ya mwanga imeshughulikiwa. Anakagua namba ya kamera kuhusu shata. Miaka zaidi ya 10 ya malalamiko ya watu wengine anayo mkononi kama ramani. Mnunuzi wa mwaka 2014 hakuwa na ramani. Yeye ndiye aliyeonja mboga ili wengine wajue chumvi.

Na hapo bado nazungumzia mpya ya kweli. Mpya ya kwetu je? Mwaka 2016 niliingia duka moja Kariakoo na pesa nilizozichanga tangu Idi. Muuzaji alikata gundi ya boksi mbele yangu kama anayefungua Msahafu. "Kaka, hii hata hewa ya Dar haijaivuta." Kweli haikuwa imeivuta. Nilipoiwasha nyumbani, menyu yote ilikuwa ya Kijapani. Wapo watengenezaji ambao kamera za soko la Japani huzifungia lugha hiyo pekee. Nilikariri alama kama anayesoma juzuu bila kujua maana. Mwezi wa 7, katikati ya ibada, ikaanza kukataa kadi. Niliirudisha dukani na karatasi ya dhamana, iliyoandikwa kwa lugha ileile ya menyu. "Hiyo ni ya huko ilikotoka, kaka. Ya kwetu ni wiki 2." Nikamlipa fundi, nikaiuza nusu ya bei.

Simlaumu sana muuzaji. Kamera nyingi zinazoitwa mpya katika miji yetu husafiri ndani ya mabegi ya watu kutoka Dubai na Guangzhou, na dhamana ya mtengenezaji mara nyingi haivuki mpaka pamoja nazo. Kwa hiyo mtu akisema "nanunua mpya kwa ajili ya garantii", mwombe akuonyeshe hiyo garantii, iitaje kwa jina nchi aliyomo, na amtaje fundi atakayeipokea. Akishindwa, amelipa bei ya dhamana na hakupewa dhamana. Aliyenunua iliyotumika hakupewa pia, lakini hakuilipia.

Sasa kisa changu cha pili, ili nisionekane nauza upande mmoja. Nilinunua lenzi ya 70-200 kwa mwenzetu mmoja, mtu wa heshima, swala tano. Nikaona haya kuimulika mbele yake. Nilipofika nyumbani nikawasha tochi ya simu nyuma ya kioo: nyuzi nyeupe, nyembamba, zimesambaa kama utando wa buibui. Kuvu. Lenzi zote za pwani yetu, Lamu mpaka Mtwara, zinaishi katika unyevu ambao kuvu huupenda, na ikikaa muda mrefu hula ule mpako wa kioo, ukisafisha unabaki na kovu. Wapinzani wangu hukitaja kisa hiki kama ushindi. Lakini kuvu haina habari na risiti. Huota kwenye lenzi iliyofungiwa gizani, kabatini kwa mtu au stoo ya duka, na iliyokuwa mpya dukani Unguja miaka 3 bila hewa kavu inaweza kuwa nayo kuliko iliyokuwa ikipigwa jua kila Jumamosi. Kosa langu halikuwa kununua lenzi ya mtu. Nilimstahi muuzaji nikaacha kukistahi kifaa.

Tangu siku hiyo natembea na tochi, gazeti na kadi yangu mwenyewe. Lenzi naimulika kutoka nyuma na kutoka mbele, naitikisa sikioni, natazama bapa za tundu la mwanga kama zina mafuta. Gazeti nalibandika ukutani nalipiga kwa tundu lililo wazi kabisa. Herufi za kona zote 4 zisipofanana, nashuku lenzi ilianguka. Canon 24-105 f/4L ya zamani ina ugonjwa unaojulikana, waya bapa wa tundu la mwanga hukatika kwa kukunjwa mara nyingi na kamera ikaandika Err 01, kwa hiyo naipiga ikiwa imebanwa, nikivuta kutoka urefu mmoja hadi mwingine. Kwenye bodi napiga anga kwa f/16 kuona madoa, nafunika kioo na kupiga sekunde 30 kuona nukta nyekundu na za bluu, nachungulia sindano ndani ya tundu la kadi za zile 5D za zamani kama hazijapinda. Natazama vichwa vya skrubu. Vilivyochubuka vinasema kulikuwa na bisibisi. Kifuniko cha betri nakitazama kuliko vyote, maana kijani kwenye vyuma vyake ni kutu, mara nyingi ya maji ya chumvi, na kamera iliyokunywa maji ya Coco Beach sitaki hata ya sadaka. Wauzaji huchoka nami. Mmoja aliniuliza kama nanunua au nafanya upasuaji.

Linakuja la wizi, na hapa mwenye kunikanya ana hoja nzito kuliko zote, ingawa huitaja ya mwisho. Kamera nyingi za mitaani zimeibwa, tena kwa wenzetu, tena siku za kazi. Ninajua uchungu wake. Lakini kamera hujishuhudia. Bodi nyingi huandika namba yake ndani ya faili la picha, sambamba na tarehe. Mwombe muuzaji picha aliyoipiga mwaka jana, faili lenyewe, si iliyopita WhatsApp, kisha linganisha na namba iliyo chini ya bodi. Mwizi ana kamera ya juzi. Hana picha ya mwanawe akianza darasa la kwanza. Ongeza kitambulisho na maandishi ya mkono yaliyosainiwa. Asiyekubali, mwachie kamera yake.

Kuna hoja ya teknolojia, ambayo vijana wanaipenda. Kamera zisizo na kioo ndani hufuata jicho la mtu anayecheza mduara na hazipotezi. Hilo nawapa lote, sina ubishi. Nimeziona, nimezionea wivu. Ila halisaidii upande wao. Canon EOS R, Nikon Z6 na Sony A7 III zote zilitoka 2018 na zimejaa kwenye soko la zilizotumika. Anayetaka teknolojia ile anaipata kwa mkono wa pili. Na wimbi hilohilo la kuhamia huko ndilo lililoziangusha bei za DSLR, zile zenye kioo ndani, zilizokuwa ndoto zetu. Canon 5D Mark III ilizinduliwa 2012 kwa dola 3,499 bodi peke yake. Leo unaipata kwa chini ya robo ya hiyo, na picha inayopiga haijapungua hata nukta moja tangu siku ile. Lenzi zake za EF, ambazo Canon walianza kuzitengeneza 1987, hukaa kwenye bodi mpya za RF kwa kutumia adapta, kwa hiyo ukihama huanzi tena.

5D Mark II ya 2008 nayo inapiga megapikseli 21, yaani nukta 5,616 kwa 3,744. Karatasi ya A3 kwa uchapaji wa nukta 300 kwa inchi haizimalizi. Mwaka 2010 Wamarekani walipiga kwa kamera hiyo sehemu ya mwisho ya msimu wa 6 wa tamthilia ya House ikarushwa kwenye televisheni ya taifa zima. Sisi tunasema haitoshi kumpiga mjomba akikata keki Sinza, picha ambayo itatumwa kwenye kundi la ukoo ikiwa imebanwa mpaka imekonda.

Lakini sababu inayonifanya niandike kwa hasira ni mkopo. Kijana anakopa kikoba, anaongeza na ule wa kwenye simu, ananunua bodi mpya na lenzi yake ya 18-55 ya plastiki, kwa sababu mwalimu wa semina alimwambia mteja humheshimu mwenye kitu kipya. Mteja gani? Sijawahi kuona mama wa bibi harusi akiuliza hesabu ya shata. Halafu hiyo 18-55 anaingia nayo kwenye ukumbi wenye taa za zambarau na moshi wa kutengeneza, haipitishi mwanga wa kutosha, picha zinatoka chenga. Pesa ileile ingempatia Canon 6D iliyotumika vizuri, 50mm f/1.8 na 85mm f/1.8, na chenji ya flashi. Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresima vilianza ndani ya wiki moja. Waislamu hawakuoa, Wakatoliki hawakuoa, kumbi zikakodishwa kwa semina. Kikoba hakifungi. Niliwaona vijana watatu wakiuza kamera za miezi 8 kwa bei ya kulia, na waliozinunua walikuwa watu wenye tochi.

Kuna vitu vya kununua vipya, na wala sio vingi: betri, chaja, kadi. Betri ya zamani hudanganya chaji na kadi ya zamani hufa bila kuaga. Ukinikuta nanunua kadi ya mtumba, nikamate.

Nami nauza. Ni 5D Mark II, niliipata mwaka 2014 ikiwa na 62,000, sasa ina 171,000 na bado inafunga shata kwa sauti ileile kavu. Raba ya upande wa kidole gumba imelegea, sikuibandika makusudi ili uione. Hesabu nimeiandika kwenye kipande cha gundi chini ya bodi, pamoja na jina langu na mtaa. Picha ya kwanza niliyopiga nayo ninayo, faili lenyewe. Ukija, njoo na tochi.